Tumeangalia Double Indemnity (1944) kwenye shuka, tukabishana mpaka saa nane usiku. Njooni mtuamulie

#1 – mleta uzi

Wakuu habari za wikendi. Wapenzi wa muvi za kale karibuni, na msiozipenda karibuni pia maana hata mimi nilikuwa upande wenu mpaka mwaka jana.

Iko hivi, tupo watu sita hapa Dar, kila Ijumaa tunakutana sebuleni kwa jamaa mmoja Magomeni, tunafunga shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta ya kuazima, kuna kashata na chai ya tangawizi, tunaangalia zile muvi za Marekani za miaka ya 40 na 50 nyeusi na nyeupe wanazoziita noir. Kuchagua ni kwa zamu. Ijumaa hii zamu yangu, nikaleta Double Indemnity ya Billy Wilder. Tumeanza saa tatu, muvi ina dakika 107, kwa hiyo kabla ya saa tano ilitakiwa kila mtu awe anatafuta bodaboda. Mimi nimeingia kwangu saa nane na nusu na mke hajaniamini mpaka sasa hivi.

ANGALIZO: nitamwaga kila kitu mpaka mwisho. Msinitukane, muvi ina miaka themanini, na yenyewe inajimwaga dakika za mwanzo tu.

Kwanza jina. Noir ni Kifaransa, maana yake nyeusi, linatamkwa "nwaa", yule dogo wetu anasema "noya" tushamwacha. Kinachonichekesha ni kwamba waliozitengeneza kule Hollywood hawakujua kama wanatengeneza noir. Wakati wa vita Ufaransa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, muvi za Marekani haziingii, vita imeisha zikaingia kwa mkupuo, 1946 mhakiki mmoja wa Paris anaitwa Nino Frank akaziona zimefuatana akashangaa hawa jamaa wamepatwa na nini mbona roho zimekuwa nyeusi hivi, jina likaanzia hapo. Na kadhaa wa waongozaji walikuwa wakimbizi, Wilder, Fritz Lang, Robert Siodmak, hawa walikuwa Berlin mpaka Hitler aliposhika nchi 1933 wakatimua, wakaja Marekani na ule ufundi wao wa vivuli.

Sasa stori. Walter Neff (Fred MacMurray) ni wakala wa bima Los Angeles. Anaenda kwa mteja kumkumbusha bima ya gari inaisha. Mteja hayupo, yupo mkewe Phyllis (Barbara Stanwyck), katokea juu ya ngazi na taulo. Akishavaa anashuka, na kamera haikuonyeshi uso, inakuonyesha miguu ikishuka ngazi na mguu mmoja una kikuku. Sebule nzima ilisema "eeeh" kwa pamoja, maana maneno ya mjini kuhusu kikuku mnayajua wenyewe haina haja nianze kuandika. Neff akirudi mara ya pili mama hana mengi, anauliza tu kwa upole, eti mtu anaweza kumkatia mumewe bima ya ajali bila mume kujua? Neff anaelewa palepale mwanamke anataka nini, anamsema, anaondoka. Halafu usiku huohuo wako pamoja.

Mpango wenyewe ndo umebeba jina la muvi. Bima ya ajali ina kipengele kwamba kwa ajali fulani za nadra kampuni inalipa mara mbili, mojawapo kufia kwenye treni. Dola 50,000 zinakuwa laki moja. Kwa hiyo yule mume anasainishwa akidhani anasaini karatasi za bima ya gari, na lazima afe kwa treni, hakuna namna nyingine.

Haya tuanze ubishi.

---

#2

Mkuu umenipoteza hapo uliposema inajimwaga mwanzoni. Sasa kama muuaji nishamjua dakika ya tano mimi nakaa nafanya nini? Nimelelewa na vitabu vya Bwana Msa, unasubiri mpaka ukurasa wa mwisho ndo unajua nani kafanya.

---

#3 – mleta uzi

Swali zuri mkuu, na ndo lilikuwa ubishi namba moja.

Muvi inaanza Neff anaingia ofisini usiku wa manane, jasho linamtoka, koti kalitupia begani kumbe ana risasi. Anakaa mbele ya mashine ya kurekodia, zile ambazo bosi anaongea halafu katibu muhtasi anakuja kuchapa, anawasha sigara kwa mkono mmoja, anaanza kumwambia mkuu wake wa madai, mzee Keyes: niliua mimi. Niliua kwa ajili ya hela na mwanamke, hela sikupata na mwanamke sikupata. Basi. Hapo ndo kwanza tumemaliza kugawana kashata.

Mwenye nyumba akasema sasa tuzime tukalale.

Lakini ngoja. Sisi wote tuliokulia vibanda umiza tumeangalia muvi na sauti ya DJ anayetafsiri juu yake. Enzi zile za Lufufu hukuwa unasubiri kujua nini kitatokea, DJ ashakwambia "huyu jamaa hapa haponi", na bado ulikuwa umebana pumzi. Utamu ulikuwa kwenye sauti, yule mtu aliyeshaiona yote anakushika mkono anakupitisha. Sasa noir imechukua hiyohiyo, ila DJ ni marehemu mtarajiwa mwenyewe. Neff anasimulia muvi yake huku damu inatoka. Kila tukio unaloona lilishatokea, hakuna anachoweza kubadili, na kila akichekacheka na yule mama unajua kuna mtu kakaa kwenye kiti saa hizi begani kuna tundu.

Bwana Msa anakuja kukuwashia taa. Huyu anakuzimia moja moja.

Na kuhusu presha, sikiliza. Wameshamuua mume, wameshamlaza relini ionekane kadondoka kwenye treni, wanarudi kwenye gari. Phyllis anazungusha ufunguo. Gari haliwaki. Anajaribu tena. Haliwaki. Hakuna muziki, hakuna maneno, nyuso mbili tu gizani. Dada mmoja kwenye kundi letu, ni mwalimu wa sekondari mpole balaa, mtu wa kanisani, nikamsikia anasema kwa sauti "jamani washa basi!" Halafu akajiziba mdomo. Watu wawili wametoka kuua mzee wa watu mwenye mguu wa plasta na chumba kizima tunawaombea gari liwake. Huyo ndo Wilder. Bwana Msa hajawahi kunifanyia ushenzi huo.

---

#4

Hahaha mwalimu kaingia kundini. Mimi nauliza hao wa noir kwanini kila kitu giza, ni hela za umeme hazikuwepo au ni mbwembwe? Nikiangalia kwenye simu sioni kitu.

---

#5 – mleta uzi

Simu utaua macho mkuu. Na ndiyo, hela zilikuwepo kidogo sana kwa baadhi yake. Ile inaitwa Detour ya 1945 ilitengenezwa kwa hela ya mboga, kuna picha waligeuza kabisa mkanda, unaona watu wanaendesha gari usukani uko upande wetu kama Bongo, Marekani hiyo! Ukungu na giza vinaficha kwamba nyuma hamna seti.

Lakini Double Indemnity ilikuwa ya Paramount, studio kubwa, hela ipo. Hapa giza ni la makusudi. Mpiga picha John Seitz kachukua zile blaindi za vipande vipande za dirishani akapitisha mwanga, kwahiyo Neff akiingia sebuleni kwa Phyllis mchana kweupe anachorwa mistari mwili mzima kama mtu aliyeshavaa nguo za jela, na muda huo hajafanya kosa lolote bado! Na ile hewa ya vumbi ndani ya nyumba, walipuliza chembechembe za alumini hewani ili mwanga uonekane unaelea. Nyumba ina jua lakini ina kitu kimeoza.

Sasa kisa chetu. Nyumba ya Magomeni ni ya zamani, ina yale madirisha ya luva, vioo vya kulala unafungua kwa kile kimkono cha chuma. Jirani ana taa ya ulinzi kali kama ya uwanja wa mpira, inapita kwenye vioo inakuja kuanguka juu ya shuka letu. Tumeziba kwa khanga, khanga ikadondoka katikati ya muvi, mistari ya dirisha la Magomeni ikalala juu ya mistari ya dirisha la Los Angeles, na Neff amesimama katikati. Hakuna aliyeamka kwenda kurudisha khanga kama dakika nzima. Dogo akasema "hii sasa noya." Tukamsamehe.

---

#6

Kutoka Mombasa hapa. Mleta uzi hiyo ya DJ imeniweza, sisi tulikuwa na DJ Afro na huyo hata angekuwa mahakamani ungemsikiliza. Swali langu, huyo Keyes mbona hujamgusa? Mimi nimeiona hiyo muvi na kwangu Keyes ndiye muvi.

---

#7 – mleta uzi

Ndugu wa Mombasa umeniwahi, nilikuwa namhifadhi.

Keyes ni Edward G. Robinson, kazoeleka kama jambazi kwenye muvi za miaka ya 30, hapa kageuzwa mkuu wa idara ya madai, mzee mfupi, hana mke, sigara mdomoni na kiberiti hana hata siku moja. Anasema ndani ya tumbo lake kuna kijitu kidogo, dai likiwa la uongo kinamsumbua hapati usingizi.

Kundi letu lina jamaa anafanya kazi ya bima, siku nyingine huwa analala dakika ya ishirini. Ijumaa hii alikaa mbele kabisa. Kuna pale bosi mkubwa wa kampuni anataka kukwepa kulipa kwa kudai marehemu alijiua, Keyes anamshushia majedwali ya watu waliojiua, kwa rangi, kwa kazi, kwa jinsia, kwa majira ya mwaka, kwa sumu, na sumu zenyewe kwa aina, kwa kuruka, kuruka kutoka wapi, anatema yote bila kupumua halafu anamalizia kwamba kwenye majedwali yote hayo hakuna hata mtu mmoja aliyejiua kwa kuruka nyuma ya treni inayokwenda maili kumi na tano kwa saa. Jamaa wa bima alipiga makofi. Peke yake. Akasema mnamuona, huyu mtu anasoma majedwali kama nyinyi mnavyosoma magazeti ya michezo.

Halafu akafanya jambo lililotuacha mdomo wazi. Akaomba tusimamishe muvi. Akauliza, huyu mzee alivunjika mguu kabla ya kufa si ndio? Ndio. Na tayari alikuwa na bima ya ajali? Ndio. "Sasa mbona hakudai mguu?" Tukamtazama. Akasema mtu mwenye bima ya ajali akivunjika mguu kabla hajafika hospitali ashapiga simu ofisini, mimi nawajua watu, huyu hakudai kwa sababu hakujua kama ana bima.

Tukawasha muvi. Haikupita muda Keyes anagonga mlango wa Neff usiku, kijitu kinamsumbua, na anasema nini? Mbona hakudai mguu. Neno kwa neno! Jamaa aliinuka akazunguka sebule mikono juu kama kafunga goli la dakika ya tisini.

Na hapohapo ndo ule mlango maarufu. Keyes anatoka, Phyllis ndo anafika, anajificha nyuma ya mlango uliofunguliwa, Neff kasimama katikati, mwanamke anauvuta mlango kidogo kuashiria kwamba yupo. Sasa tazameni vizuri, ule mlango unafunguka kuelekea NJE kwenye ukumbi. Nyumba gani ya kupanga mlango unafunguka nje? Hamna. Wangeuweka sawa tukio lisingekuwepo. Muvi nzima fundi kafanya kosa moja na hakuna anayetaka lirekebishwe.

---

#8

Dada hapa naomba nafasi. Mnamwongelea Keyes na milango, Phyllis mmemwacha na kikuku chake. Hivi pale mwisho alimpenda au hakumpenda?

---

#9 – mleta uzi

Dada hapo ndo tulipolalia. Kwa wasioiona: wamegeukana, Neff kaja usiku kummaliza, Phyllis naye ana bastola chini ya mto wa kiti. Anampiga risasi moja. Neff hakuanguka, anamsogelea, anamwambia malizia. Mwanamke hawezi. Anasema hajawahi kumpenda yeye wala mtu yeyote, mpaka dakika moja iliyopita aliposhindwa kupiga risasi ya pili. Anamkumbatia. Neff anamuaga, anampiga mbili.

Wanaume wanne kati yetu wakasema alimpenda, jamani si kashindwa kupiga? Mwalimu akacheka sana. Akasema nyinyi ndo mnaouziwa viwanja hewa. Huyu mwanamke katumia kila silaha, ya kwanza kikuku, ya pili machozi, ya tatu bastola, bastola imegoma kumwangusha, sasa karudi kwenye ya nne ambayo ni mapenzi, kwanini mnaamini ya nne wakati tatu zote zilikuwa uongo? Mimi nikasema lakini angalia uso wake pale anapokumbatia, anashtuka kabla hajapigwa, amehisi mdomo wa bastola na macho yanafunguka. Mwalimu akasema ndio, anashtuka kwamba mara hii haijafanya kazi.

Sina jibu. Nimeirudia hiyo sehemu mara nne peke yangu jana na kila nikirudia nabadilika.

Pembeni kidogo, Stanwyck mwenyewe aliogopa hiyo nafasi, alikuwa nyota mkubwa anayelipwa vizuri na hajawahi kucheza muuaji wa wazi vile. Akamwambia Wilder anaogopa. Wilder akamuuliza, wewe ni panya au mwigizaji? Akachukua. Lile wigi lake la dhahabu nalo limelalamikiwa toka studio, inasimuliwa mkuu mmoja aliliona akasema tumemwajiri Stanwyck tumeletewa George Washington. Mwalimu kasema wigi lipo sahihi, mwanamke feki nywele feki, yamekwisha.

---

#10

Mkuu nimesikia ni kisa cha kweli?

---

#11 – mleta uzi

Kuna mzizi wa kweli. New York 1927 mwanamke anaitwa Ruth Snyder na hawara yake Judd Gray walimuua mume wake, na kulikuwa na bima yenye kipengele hichohicho cha kulipwa mara mbili. Wote wawili wakauawa kwa kiti cha umeme gereza la Sing Sing Januari 1928, na mpiga picha mmoja wa gazeti akaingiza kamera kaifunga kwenye kifundo cha mguu akampiga picha Snyder akiwa kwenye kiti, ikatoka ukurasa wa kwanza. James M. Cain alikuwa mwandishi wa habari New York miaka hiyo, riwaya yake ikatoka kwa mfululizo kwenye jarida 1936. Hollywood iliitaka mapema ila wakaguzi wa maadili wakaizuia miaka kadhaa.

Wilder akaiandika upya na Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwahi kuandika muvi maishani, na hawa wawili walichukiana kwelikweli, chumba kimoja miezi, Chandler anavuta kiko madirisha yamefungwa, Wilder anatembea anachezea fimbo. Lakini maneno waliyotoa humo! Na kuna zawadi kwenu: kama dakika ya kumi na sita Neff anatoka ofisini kwa Keyes, kuna mzee kakaa kwenye kiti ukumbini anasoma, anainua macho kidogo. Huyo ni Chandler mwenyewe. Sisi sita hakuna aliyemuona mpaka niliporudisha.

Ikapata uteuzi saba wa Oscar, ikatoka na sifuri.

---

#12

Sasa viberiti? Ulisema Keyes hana kiberiti ukaacha hapo.

---

#13 – mleta uzi

Asante kwa kunikumbusha.

Muvi nzima Keyes anatoa sigara, anajipapasa mifuko, hana. Na kila mara Neff anatoa njiti, anaiwasha kwa ukucha wa kidole gumba, cha! mkono mmoja, anamwashia. Mara ya kwanza unaona ni ujanja wa sharobaro. Mara ya tatu unaanza kuona kwamba hawa wawili hawana mtu mwingine duniani. Keyes alishamwomba Neff ahamie idara yake, mshahara upungue kidogo lakini kazi ya akili, Neff kakataa, na ilikuwa siku ambayo Phyllis kapiga simu. Kwahiyo alikuwa na milango miwili siku ileile.

Wilder alitengeneza mwisho mwingine kabisa, Neff anauawa kwenye chumba cha gesi na Keyes anaangalia kupitia kioo. Seti ilijengwa, hela ikatumika, ikapigwa. Halafu akaitupa. Kwa sababu alikuwa ameshapiga hii: alfajiri, Neff kamaliza kurekodi, anageuka, Keyes kasimama mlangoni sijui toka saa ngapi. Neff anasema anakimbilia mpakani Meksiko. Keyes anamwambia hutafika hata kwenye lifti. Anajikokota, anaanguka mlangoni kwelikweli. Keyes anakuja anachuchumaa. Neff anatoa sigara, vidole vinakataa. Na yule mzee ambaye hajawahi kuwa na kiberiti anachukua njiti kwa Neff, anaiwasha kwa ukucha wake mwenyewe, anamwashia.

Shuka likawa jeupe. Hakuna aliyeongea. Jamaa wa bima alikuwa anaangalia sakafu. Mwenye nyumba, yule aliyetaka tukalale dakika ya tano, ndo akasema polepole "kumbe ilikuwa stori ya hawa wawili," halafu mwalimu akasema "na Phyllis je?" na ndo hapo ikafika saa nane.

Ijumaa ijayo ni zamu ya dogo, kachagua Detour, dakika 68 tu kwahiyo hata wa Kibaha mnaweza kuwahi kurudi. Kashata zipo. Anayekuja alete khanga mbili nzito na pini, taa ya jirani bado inawaka.